MTI HAUENDI ILA KWA NYENZO

Maneno ya hotuba ya Kamati ya Elimu na Kilimo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa wanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za fedha, za ghala na za magari, nao wameeleza vizuri. Sisi wa Kamati ya Elimu na Kilimo tumeombwa tuseme habari za mwanachama mmoja ambaye jina lake halimo katika daftari ya Chama, wala hajapata kuhudhuria mkutano hata mmoja, lakini pasipo yeye hapana hata mmoja wetu ambaye angekuwa hapa leo. Mwanachama huyo ni mbuni.

Labda wako watakaosema, "Mbuni twaujua tangu utoto, mama zetu walituchukua mgongoni wakichuma. Kuna nini tena cha kufundishwa?" Neno hilo lina haki yake. Lakini kuijua sura si kuyajua maisha. Mtu aweza kukaa jirani na mwenziwe miaka 40 asijue kama hulala na njaa au hulala ameshiba. Sisi wenyewe tulidhani twaujua mbuni, na dhana hiyo ilituletea hasara, kama tutakavyokiri sasa hivi.

Wanachama wa tangu mwanzo watakumbuka mwaka wa 3 wa Chama. Bei ilikuwa nzuri, na kila mmoja alitamani kilo nyingi. Kamati hii, ambayo baadhi yetu tulikuwamo hata wakati ule, ilipita kijiji kwa kijiji hapa mlimani Kilimanjaro ikishauri kwamba miruka na miringaringa iliyosimama katika vihamba ikatwe, ili mibuni ipate jua. Wengi walitusikiliza. Msimu uliofuata matawi yalielemewa na buni, hata tukapongezwa hadharani. Msimu wa pili yake matawi yale yale yalianza kukauka kutoka nchani, majani yakapukutika, na buni zilizobaki zilikuwa nyepesi. Yuko mzee mmoja aliyetuita kihambani kwake akatuonyesha kisiki cha mruka uliopandwa na baba yake. Hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Wanangu, kabla ya kuniambia niukate mti huu, mliuuliza mbuni?"

Hatukuwa na jibu. Maneno yetu ya leo ndiyo jibu letu kwake, ingawa limechelewa.

Ndugu wanachama, ili kuufahamu mbuni yatupasa kuanza mbali kidogo. Mimea yote ya nchi kavu ina asili yake majini. Wataalamu wakadiria kwamba imepita miaka kama milioni 470 tangu mimea ya kwanza ilipoanza kuishi juu ya ardhi. Majini mmea ulikuwa umezungukwa na kinywaji chake pande zote. Nchi kavu ulikuta jua na upepo vikiunyang'anya maji saa zote. Kwa muda mrefu mno mimea ikajipatia ngozi ya nta ya kuzuia maji yasipotee, na mishipa ya kuyapandisha kutoka ardhini. Tena ikajipatia wenzi. Hata mimea ya kale sana ilishirikiana na kuvu ndogo za udongoni, ambazo huuletea mmea chumvi za ardhi, hasa fosforasi, nao mmea huzilipa kwa sukari. Mizizi ya mibuni yetu ingali ina mapatano hayo mpaka leo. Basi ushirika haukuanza na sisi.

Ngozi ile ya nta ilikuwa na shida yake. Ikiziba kabisa, maji hayatoki, lakini na hewa haiingii. Na hewa ya ukaa ndiyo ambayo mmea huichukua, pamoja na maji na nguvu za jua, ili kutengeneza sukari, yaani chakula chake. Kwa hiyo jani lina vijitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo wataalamu huviita stomata. Kila kijitundu kina seli mbili zilizokizunguka mfano wa midomo. Zikijaa maji, midomo hufunguka, zikilegea, hufumba. Katika jani la mbuni vijitundu hivyo vi upande wa chini, penye kivuli cha jani lenyewe.

Hapo ndipo ilipo biashara yote ya mmea. Kila kijitundu kinapofunguka ili kupokea hewa, maji hutoka. Katika kila lita 100 zinazonyonywa na mizizi, zaidi ya lita 95 hutoka hivyo na kupotea hewani. Wala msidhani kwamba ni ubadhirifu mtupu, kwa maana maji yatokayo ndiyo yanayoyavuta mengine kutoka mizizini, ndiyo yanayopandisha chumvi za udongo, na ndiyo yanayolipoza jani. Lakini ni bei. Mmea hununua chakula kwa maji. Udongo ukikauka, au jua likiwa kali na hewa kavu, bei hupanda. Na mbuni, kama mwenye duka mwenye busara, hufunga mlango. Ukifunga mlango hauishiwi na maji upesi, lakini pia haupati chakula. Mbuni uliosimama juani saa 8 za mchana wakati wa kiangazi, na majani yake yakimetameta, mara nyingi u hai lakini kazi umeiacha.

Sasa twaweza kulirudia swali la yule mzee. Kwao mbuni wa Arabika ni wapi? Ni katika misitu ya milima ya kusini-magharibi ya Ethiopia, pamoja na uwanda wa Boma huko Sudan Kusini na mlima Marsabit huko Kenya. Humo mbuni hauwi mti wa juu. Huishi chini ya miti mikubwa, katika mwanga uliochujwa, na katika nchi ambayo joto lake la wastani kwa mwaka ni la kiasi. Joto linaloufaa zaidi ni kati ya nyuzi 18 na 23 za Sentigredi. Mwili wake wote umeumbika kwa maisha hayo ya kivulini.

Tazameni jinsi unavyozaa. Miti mingi ya matunda, kama mwembe, ikibeba kupita nguvu zake, huangusha yenyewe matunda mengi yakiwa machanga. Mbuni huangusha machache tu. Msituni haukuwa na haja kubwa ya kujifunza adabu hiyo, kwa sababu kivulini maua ni machache, nao haupati mzigo usiouweza. Mkiuweka juani, maua huwa mengi na buni huwa nyingi, na buni hizo ndizo zenye haki ya kwanza katika chakula cha mti. Hula sehemu ya mizizi, hula akiba ya shina, hula chakula cha matawi ambayo yangezaa mwaka ujao. Ndipo matawi hukauka kutoka nchani. Jambo tuliloliona katika mwaka wa 4 na wa 5 wa Chama halikuwa ugonjwa, wala halikuwa uchawi wa jirani, kama wengine walivyonong'ona. Mti ulizaa bila kiasi kwa sababu sisi tuliuondolea kitu kilichoutia kiasi.

Hatusemi kwamba kivuli kikizidi ni heri. Kivuli kizito hupunguza maua na kuushikilia unyevu, na ugonjwa hupenda hali hiyo. Wala hatusemi kwamba mbuni hauna uwezo wa kujirekebisha. Unao. Majani yanayokua juani huwa manene na madogo kuliko ya kivulini, ambayo huwa mapana na membamba ili yaukusanye mwanga mchache uliopo. Lakini mti mmoja huweza kujirekebisha kwa kadiri fulani tu. Kadiri hiyo ikipita, huchoka.

Kuna jambo jingine la mbuni ambalo lastahili kustaajabiwa, nalo ni kalenda yake. Machipukizi ya maua hutungwa, hukua kidogo, kisha hulala. Kiangazi kinapoyakausha kiasi, hupata kuwa tayari. Mvua nzuri ya kwanza ikinyesha, huamka, na baada ya siku kama 8 hadi 12 kihamba kizima huwa cheupe na kunukia. Basi kiangazi, ambacho sisi hukilaumu, ndicho kinachouambia mbuni, "Jiandae"; na mvua ndiyo inayouambia, "Sasa." Kwa njia hiyo maua hufunguka pamoja, na baada ya miezi 7 hadi 9 buni huiva kwa zamu zinazojulikana.

Lakini mjumbe akisema uongo, huwaje? Mvua za kupotea zikinyesha katikati ya kiangazi, machipukizi machache huamka. Zikikatika, yaliyobaki hulala. Zikirudi, mengine huamka. Akina mama waliomo humu wanajua matokeo yake kuliko sisi, kwa maana mikono yao ndiyo inayochuma. Tawi moja huwa na ua, na buni changa, na mbivu, na iliyokauka. Mchumaji hurudi mti ule ule mara nyingi kwa kilo chache, au kwa kuchoka huchuma mbichi pamoja na mbivu, na kahawa yetu hushushwa daraja. Mti haukukosa. Ulisikia neno ukalitii. Lililobadilika ni neno lenyewe.

Ndugu, mnyama akisumbuliwa na jua huhamia mtoni. Mtu akisumbuliwa na njaa huhamia mjini. Mmea hauna miguu. Mmea huhama kwa mbegu tu, na hubadilika kwa vizazi. Katika mbegu nyingi, zile zilizozaliwa na nguvu zinazofaa mahali fulani huishi na kuzaa, nyingine hufa. Ili njia hiyo ifanye kazi, yapasa kuwe na tofauti nyingi kati ya ndugu, na kuwe na muda. Mbuni wetu umepungukiwa na vyote viwili.

Umepungukiwa na tofauti kwa sababu ya ukoo wake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 wakadiria kwamba Arabika ilizaliwa yapata miaka 600,000 iliyopita, mibuni ya aina mbili ilipochanganyika msituni: mmoja ni huu wa Robusta, ambao ndugu zetu wa Kagera wanaulima, na mwingine ni wa mwituni uitwao eugenioides. Tena Arabika hujichavusha wenyewe, hivyo watoto hufanana sana na mzazi. Kisha watu walichukua mbegu chache wakazipeleka Yemeni, na kutoka huko nyingine chache zikapelekwa kisiwa cha Réunion, na kutoka Réunion wamisionari wakaleta mibuni hapa mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Kila safari ilipunguza ukoo. Mibuni iliyojaa vihamba vyetu ni jamii moja iliyo ndogo sana, na jamii ndogo hupatwa na balaa moja kwa pamoja.

Mfano wake wajulikana. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana katika mashamba ya kahawa ya Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka. Haikupita miaka mingi kahawa ikafa huko, na nchi ikageukia chai. Karibu nasi, chule buni uligunduliwa magharibi ya Kenya mwaka 1922, na sote twajua umetutia gharama gani za dawa. Msaada ulipatikana pasipotazamiwa. Katika kisiwa cha Timor, huko Asia, Arabika na Robusta zilichanganyika zenyewe shambani, na mti uliozaliwa ulikuwa na nguvu za Robusta dhidi ya kutu. Wazao wake wametumika katika nchi nyingi kuzalisha aina mpya. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa yenye makao yake hapa Lyamungo, mahali ambapo utafiti wa kahawa umefanywa tangu mwaka 1934, imetoa aina zinazokinza chule buni na kutu ya majani.

Na huo muda? Hapa ndipo hofu yetu ilipo. Hewa ya ukaa, ambayo kabla ya zama za viwanda ilikuwa sehemu 280 katika milioni ya hewa, sasa imepita sehemu 420. Hewa hiyo ni chakula cha mmea, na ni kweli kwamba ikiongezeka huweza kulisaidia jani la mbuni kuvumilia joto kidogo. Lakini ndiyo pia inayoipasha dunia joto. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 juu ya Arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba kinachoumiza zaidi si joto la mchana, bali la usiku: kila joto la chini kabisa la usiku linapopanda kwa nyuzi 1, mavuno hupungua kwa kiasi cha kilo 137 kwa hekta. Tukumbuke kwamba usiku mmea hautengenezi sukari. Huitumia, kwa kupumua kama sisi. Usiku ukiwa na joto, hupumua zaidi, na akiba ya mchana huliwa kabla ya mapambazuko.

Wengine wetu husema, "Basi tupande juu, kuliko na baridi." Neno hilo lasikika jepesi. Ukanda wa kahawa na migomba uko baina ya mita 1,000 na 1,800 hivi, na juu yake umesimama msitu. Watu wengi hudhani kwamba maji yetu hutoka katika barafu ya Kibo. Barafu hiyo kweli yatoweka. Tangu mwaka 1912 hata 2011 zaidi ya sehemu 80 katika 100 zake ziliyeyuka. Lakini sehemu kubwa mno ya maji ya chemchemi na mifongo yetu hutokana na mvua na ukungu unaodakwa na msitu. Tukiufyeka msitu ili kuupandisha mbuni, tutakuwa tumeufikisha mbuni kwenye baridi na kuuondolea maji, na tumekwisha kuona kwamba mmea hununua chakula chake kwa maji. Kwa hiyo njia ya juu imefungwa. Mbuni utabaki hapa ulipo, nasi pamoja nao.

Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za mbuni ni sisi. Safari ambayo hauwezi kuisafiri kwa miguu, wala kwa vizazi vyake kwa sababu muda ni mfupi, yatupasa kuusafirisha sisi, kwa kubadili mahali pale pale uliposimama.

Nyenzo ya kwanza ni kivuli chepesi. Mruka na mringaringa zirudi, zikipogolewa ili mwanga upite. Kivuli hakitaupoza usiku, lakini kitapunguza bei ya maji mchana na kuupa mti mzigo unaolingana na nguvu zake. Ya pili ni matandazo. Sehemu kubwa ya mizizi inyonyayo ya mbuni i katika sentimita 30 za juu za udongo, mahali panapokauka kwanza. Majani makavu ya migomba yakitandazwa hapo huzuia jua lisiyaibe maji. Ya tatu ni mkasi wa kupogolea, maana mti usiojua kupunguza mzigo wake sharti upunguziwe na mwenyewe. Ya nne ni aina mpya, nazo zipandwe za namna mbalimbali, tusirudie kosa la kutegemea ukoo mmoja. Hatumwambii mtu ang'oe kihamba chote kwa siku moja. Mche huchukua miaka kama 3 kabla ya kuzaa, na watoto hawawezi kungoja ada miaka 3. Abadilishe sehemu kwa sehemu, safu chache kila mwaka.

Alasiri ya leo mtaombwa kupiga kura. Swali ni hili: ziada ya msimu huu igawanywe yote, au sehemu yake ibaki katika Chama ili vifunguliwe vitalu vya miche ya mibuni na ya miti ya kivuli? Twawajua wanachama ambao fedha hiyo wamekwisha kuipangia matumizi, nao si wafujaji. Ni wazazi na wagonjwa, na wengine ni wajane. Hatutawadharau wakiinua mikono kwa upande wa kugawana. Twawaomba jambo moja tu. Kabla ya kuinua mkono, kila mmoja akumbuke yale yaliyoupata mbuni juani: ulitoa vyote katika msimu mmoja, haukuacha akiba ya tawi la mwaka ujao, na watu wakausifu mpaka ulipokauka. Chama nacho chaweza kuzaa hivyo.

Miaka 10 ni umri mdogo. Chama Kikuu cha wakulima wazalendo wa mlima huu kiliandikishwa mwaka 1933, na waliokianzisha walikuwa wamekwisha kupanda mibuni na miti ambayo wengine wetu tuliikuta, na mingine tuliikata. Sisi tutakumbukwa kwa lipi? Yule mzee wa kisiki hayupo tena. Alifariki katika mwaka wa 8 wa Chama. Mwanawe yumo humu ndani. Pembeni ya kisiki kile amepanda mruka mwingine, ambao sasa umemzidi kimo, na mibuni iliyo karibu nao imerudisha majani. Hakutuuliza sisi kabla ya kuupanda, naye alifanya vema. Aliuuliza mbuni.

Mungu akibariki Chama chetu, na ailete mvua kwa wakati wake.